Ghorofa Nne za Muhirwa

Jumatatu ya pili ya mwezi wa tano, saa tatu kasoro robo asubuhi, Muhirwa alikuwa wa kumi na saba kwenye benchi la zahanati ya Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi. Alivaa shati la kanisani, kwa kuwa kwa daktari hakuendwi na shati la shamba. Zamu yake ilipofika alimkuta mkewe Sidonie mle ndani, maana Sidonie ndiye aliyekuwa mkalimani wa pale, na siku hiyo ilimwangukia kumkalimania mume wake mwenyewe.

Nyuma ya meza alikaa Kampire, tabibu, binti wa wafugaji wa Endiinzi. Alikuwa amekwisha kuona wagonjwa kumi na sita na chai yake ilikuwa imeshika utando. Kiswahili alikuwa nacho kidogo, kile cha sokoni, kila bwana akimwita sebo na kila bibi nyabo, na kazi ya Sidonie ilikuwa kukinyoosha pale kilipopinda.

"Sebo, wewe naumwa wapi?"

"Nimechoka," alisema Muhirwa. "Fasi yote. Mwili muzima."

Kampire aligeuza fomu, akagonga kalamu juu ya picha ya mtu iliyochapwa nyuma yake. Mtu huyo alikuwa amesimama wima, uso mbele, mikono imenyooka ubavuni, viganja vimeelekezwa mbele. Sidonie alimjua vizuri. Miaka tisa alifundisha anatomia katika shule ya wauguzi kule Uvira, na kila mwaka alianza na mtu huyo. Aliwasimamisha wanafunzi wote hivyo hivyo, viganja mbele, akawaambia kwamba popote duniani mwili huanza kutajwa kutoka mkao huo, ili tusije tukabishana mkono uko wapi. Kisha aliandika ubaoni sheria ya kwanza: kulia na kushoto ni za mgonjwa, si za anayemtazama. Siku hizi diploma yake ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni, ikingoja kutafsiriwa, kuthibitishwa na kupigwa muhuri na watu ambao kila mwaka walihama ofisi.

"Mwili mzima hapa hakuna, nyabo," Kampire alimwambia. "Karatasi nataka kitu moja. Figo, ini, pafu. Kitu moja."

Hakusema kwa ubaya. Fomu hiyo ilianza mwezi wa kwanza. Zamani mgonjwa alipelekwa hospitalini mjini Mbarara mzima mzima, akakalia kiti cha gari kwa mwili wote, hata sehemu zisizoumwa. Watu wa kupanga mambo wakakaa, wakapanga, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kila mgonjwa ni mzigo usio na sababu. Tangu hapo ilipelekwa sehemu inayoumwa tu. Jirani yao Alida alipeleka jicho mwezi wa pili. Lilirudi baada ya wiki mbili likiona vizuri kuliko mwenzake, na lalamiko la Alida lilikuwa moja tu, kwamba sasa jicho moja lilimwonyesha nyanya zilizooza na jingine likamwambia zichukue.

Muhirwa alifikiri, akajishika kiuno. "Labda huku. Kushoto."

Kampire akatia alama kwenye picha. Sidonie alichungulia.

"Docteur, pale ni kuume yake."

"Hii iko kushoto. Angalia."

"Iko kushoto yako weye unayemuangalia. Yake iko ile ingine."

Kampire aliitazama fomu, na nakala tatu zilizokuwa chini yake, ambazo kalamu ilikuwa imekwisha kuzitoboa. Akatazama nje, benchi limejaa. "Figo zote ni ndugu," alisema, akachana nakala ya kwanza.

Watu wa mbali wakisikia habari hizi hudhani kulikuwa na visu. Hakukuwa na visu. Jina likishaingia kwenye orodha, kiungo hutoka chenyewe alfajiri ya siku ya gari. Utakikuta kando ya mto wa kulalia, kikavu, safi, kimejikusanya kama mtu anayengoja kuitwa jina. Siku ya Jumanne Sidonie aliikuta figo ya kulia ya mumewe, akaifunga kitenge, akaiweka kwenye beseni na kuipeleka barabarani. Dereva aliitwa Ngoga. Aliiweka kitini, akaifunga mkanda, kwa kuwa sheria ya gari ni mkanda.

"Ya kushoto?" aliuliza.

"Ya kuume."

"Orodha inasema kushoto."

"Basi andika tu venye banasema."

Ilirudi baada ya siku kumi na barua. Barua ilisema figo ya kushoto ya mgonjwa haina ugonjwa wowote na ilikuwa imelala vizuri. Kulala ilikuwa imelala kweli. Ilikuwa imenenepa, imepata rangi, na Muhirwa alipoirudisha mahali pake alilima matuta mawili ya maharage bila kukaa. Siku ya nne akakaa. Siku ya tano Sidonie alipomshika kiuno aliihisi figo ile kwa vidole, naye vidole vyake havikusahau kazi, akajua imechoka tena sawa na mwenzake.

Alimwandikia Kampire barua, kwa mkono, upande mmoja wa karatasi ya daftari la mtoto. Alieleza kwamba mwili una ngazi. Seli zikikusanyika huwa tishu, tishu zikikusanyika huwa ogani, ogani zikishirikiana huwa mfumo, na mifumo yote ikiwa pamoja huwa mtu. Mgonjwa wake, aliandika, anaumwa kwenye ngazi ya tano. Ukimtazama kwenye ngazi ya tatu utamwona mzima kila siku, mpaka umzike. Aliomba Muhirwa apelekwe Mbarara wote, aketi mbele ya daktari mmoja, na daktari huyo amtazame usoni.

Kampire aliisoma mara mbili. "Ni kweli," alisema. "Hii ni kweli kabisa. Lakini fomu yangu nafika tatu, nyabo. Nne nafika Mbarara. Tano sijaona."

Akampa kibali cha ini. Baadaye cha mapafu, na wiki ile Muhirwa alizungumza kwa neno moja moja. Viungo vilienda, vikapumzika, vikarudi na barua nzuri, vikachakaa. Barua zilifika tano. Muhirwa aliziweka ndani ya Biblia, na akawa mtu mwenye ushahidi mwingi wa afya kuliko wote pale kijijini, na ambaye hakuweza kubeba dumu la maji kutoka bombani hadi mlangoni.

Mwishoni mwa mwezi wa sita ofisi zilikuwa zinafunga mwaka wa fedha, na vibali vyote vilivyokuwa vimelala vikaamka siku moja. Jumanne hiyo Sidonie alikuta kando ya mto wa kulalia figo zote mbili, ini, mapafu, tumbo na utumbo wake, na moyo. Ngoga alisaidia kubeba. Utumbo peke yake ulikalia viti viwili. Muhirwa alibaki na kichwa, ngozi, mifupa na misuli, akakaa kigodani karibu na mlango, mwepesi, na upepo wa kutoka ziwani ulipovuma binti yao Nathalie alimwekea jiwe mapajani asipeperuke. Hakula chochote. Ni aibu kusema, lakini tusifichane: unga wa wiki ile ulibaki.

Jumatano kipaza sauti kilipita. Uhakiki wa majina ungefanyika Ijumaa, Base Camp, kwenye ofisi kuu za kambi, kila mtu afike mwenyewe kwa miguu yake. Asiyefika jina lingetolewa kwenye kadi, na jina likitoka kwenye kadi posho hutoka, na faili la kuhamishiwa nchi nyingine hutoka, na mtu akishatoka kwenye hivyo viwili hakuna anayeweza kueleza yuko wapi hasa. Sidonie alimtazama mumewe na jiwe lake. Alhamisi akapanda taksi ya alfajiri kwenda Mbarara.

Jengo la kupumzishia viungo lilikuwa ng'ambo ya mto Rwizi, upande wa Nyamitanga, refu na jembamba, lililokusudiwa kuwa hosteli ya wanafunzi. Lilikuwa na ghorofa nne na kila ghorofa mfumo wake. Ya kwanza ilikuwa ya chakula, ya pili ya pumzi, ya tatu ya damu, ya nne ya mkojo. Sidonie alimwuliza askari wa mlangoni ghorofa ya mtu iko wapi. Askari akamjibu kwa upole kwamba watu hukaa nje, kwenye benchi.

Alianza chini. Kwenye trei ya bati palikuwa na maini sita na alilitambua la mumewe mara moja, kwa namna lilivyolala limegeukia ukutani. Alitia sahihi. Alichukua tumbo, akakunja utumbo ndani ya gunia safi. Kwenye ghorofa ya pili mapafu yalikuwa dirishani yakipigwa na hewa ya asubuhi. Kwenye ya nne alipewa figo, na daftari liliandika ya kulia kuwa ya kushoto na ya kushoto kuwa ya kulia, naye akatia sahihi hivyo hivyo. Amechoka mtu jamani, hata kusahihisha ni kazi.

Kwenye ghorofa ya tatu alimkuta muuguzi aitwaye Capitoline, mwanamke wa makamo, viatu vimevuliwa chini ya meza. Moyo wa Muhirwa ulikuwa kitanda cha kumi na nne, shuka imekunjwa nusu.

"Huu hapana toka," Capitoline alisema. "Daktari ya moyo nakuja Jumatatu. Yeye ndiye naweka sahihi."

"Kesho ni uhakiki, Mama."

"Najua, nyabo. Mimi pia naona huruma. Lakini sahihi si yangu."

Sidonie alikaa dakika kumi. Moyo ulikuwa unapiga taratibu, hamsini na nane kwa dakika, aliuhesabu. Nyumbani ulikuwa ukipiga mia na kumi hata akiwa amekaa. Kisha akabeba vilivyotoka, akaondoka.

Alimpanga Muhirwa jioni ile ile, jua likiwa bado lipo, juu ya mkeka. Alimlaza kama yule mtu wa picha, viganja juu. Alianza na vya chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo: figo nyuma kabisa, ini kulia chini ya mbavu, tumbo kushoto, utumbo kama ulivyotaka wenyewe. Kila kiungo alikiweka juu ya ngozi penye mahali pake, na chenyewe kikaingia, polepole, kama mtu anayerudi kwake jioni. Halafu mapafu. Pafu la kulia lina vipande vitatu na la kushoto viwili, kwa kuwa la kushoto huupisha moyo. Alikuwa akipenda kuwaambia wanafunzi hivyo, kwamba hata mle ndani kuna anayempisha mwenzake. Pafu la kushoto likakaa limepisha, na pale lilipopisha pakabaki nafasi ya ukubwa wa ngumi.

"Unajisikia namna gani, Baba Nathalie?"

Muhirwa aliketi, akajaribu mikono. "Minajisikia muzuri," alisema, naye mwenyewe akaonekana kulipima neno hilo. "Hakuna fasi yenye inaluma."

Ijumaa walipanga foleni tangu saa moja. Kwenye meza walitaka vidole kumi na macho mawili. Muhirwa aliweka vidole, akatazama kioo, mashine ikatoa taa ya kijani na karani akasema yupo, kamili, anayefuata. Iliisha kabla Sidonie hajatoa kadi mkobani. Wakatembea kurudi Kashojwa pembezoni mwa barabara, kwenye vumbi la malori.

"Kumbe bile bingine byote habana kazi nabyo," alisema Muhirwa, akijipapasa tumbo na kifua. Hakuwa amekasirika. Alisema kama anayetaja hali ya hewa.

Wiki mbili zilizofuata Muhirwa alifanya kazi. Aliamka mapema, alilima, aliteka maji, alirekebisha paa la Alida bila kuombwa. Alimjibu kila aliyemsalimu. Kampire alimwona njiani, akafurahi, akamwandika kwenye ripoti ya mwezi. Nathalie alileta daftari la hesabu na baba yake alilisahihisha lote, akalirudisha, akaendelea kutazama mbele. Zamani angemtania kwanza, angemwita Madame Professeur, angemficha kalamu. Mtoto alingoja kidogo, kisha akaenda kucheza.

Siku ya Jumapili baada ya ibada simu ilipigwa. Alikuwa Yonatani, kaka mkubwa wa Muhirwa, akipiga kutoka Uvira. Sidonie alikuwa karibu na alisikia kila neno.

"Mama alituacha juzi," Yonatani alisema. "Tulimuzika palepale kwenye mulima. Hatukuweza kungojea bantu, mabunduki ilikuwa mingi."

"Asante kwa kutujulisha," alisema Muhirwa. "Utusalimie bote."

Alirudisha simu mfukoni, akachukua jembe. Mama huyo alikuwa amekataa kushuka kutoka milimani tangu mwanzo wa vita, alibaki na ng'ombe sita, kisha wanne, kisha bila ng'ombe, na kila simu iliyotoka huko ilikuwa ikimlaza Muhirwa siku tatu uso umegeukia udongo wa ukuta. Sasa alipalilia mstari mzima wa mahindi, akarudi na mwingine.

Majirani walikuja na vigoda vyao na wimbo wa kwanza ukiwa tayari mdomoni. Lakini kilio huanzwa na mfiwa, ndipo wa mbali huingia, na mfiwa alikuwa shambani. Walikaa wakimtazama. Mwenyekiti wa kijiji alikohoa mara kadhaa. Kufika saa kumi na moja kila mtu alichukua kigoda chake akaenda nyumbani, na marehemu akabaki hajaliliwa na mwanawe wala na kijiji. Sidonie alilia peke yake nyuma ya jiko. Mkwewe ndiye aliyemfundisha kutikisa maziwa kwenye kibuyu, na alimpenda, na ilimuuma kwamba mwanamke yule ameondoka duniani kama mtu aliyetoka chumbani.

Barua ya moyo ilifika siku ya pili yake. Ilisema hauna ugonjwa, mgonjwa amepona, faili limefungwa, ndugu aje auchukue. Sidonie alikuwa amekwisha kuamua. Mama wa watu lazima aliliwe. Alimwambia Muhirwa anaufuata moyo kesho.

"Iache kule," alisema Muhirwa. "Kule inalala."

"Na mama yako?"

Alifikiri kweli, kwa haki. "Najua ilipaswa," alisema. "Lakini siko naona nitamulilia na nini."

Jumanne alipanda gari la Ngoga. Siku hiyo hapakuwa na kiungo chochote cha kupelekwa, vibali vya mwaka mpya vilikuwa havijatoka, na Ngoga alimkaribisha akae mbele. Alitumwa dawa tu mjini, alisema, na saa saba angekuwa mlangoni kumngoja.

Capitoline alikuwa na karatasi tayari mezani. Sidonie alikwenda kwanza kitanda cha kumi na nne. Mtu akikaa mbali na mwenziwe kwa wiki tatu humkuta amebadilika, na moyo ulikuwa umebadilika. Ule wekundu wake wa hasira ulikuwa umetulia. Mafuta kidogo yalikuwa yamerudi pembeni. Ulipiga, ukangoja, ukapiga, bila kushtuka mlango ulipofungwa kwa nguvu huko chini. Capitoline alisema ndio moyo mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, haumsumbui hata kidogo, na kwamba wakati mwingine akichoka huja kukaa karibu nao.

Sidonie alikunjua kitenge. Alikuwa ameshapanga njiani maneno ya kuuambia. Angeuchukua, angeuweka kifuani mwa mumewe kabla ya jua kuzama, Muhirwa angeanguka chini kama inavyopaswa, majirani wangerudi na vigoda, na wimbo ungeimbwa. Na baada ya wimbo, kesho yake, ungekuwa mia na kumi, na baada ya hapo zingekuja simu nyingine kutoka milimani, maana kule bado kulikuwa na watu. Aliinama karibu nao afungue kinywa. Moyo ulipiga, ukangoja, ukapiga. Pale kitandani, katika dunia yote, ndipo mahali pekee ambapo mama yake Muhirwa alikuwa bado hajafa.

Akakunja kitenge tena.

"Unachukua?" Capitoline aliuliza.

"Uuache kwanza, Mama."

Capitoline hakushangaa. Alitoa fomu nyingine, ya viungo visivyochukuliwa, nayo ilitaka sababu, na sababu zilikuwa tatu zimechapwa tayari: hakuna usafiri, hakuna ndugu, mgonjwa amefariki. Kalamu yake ilikuwa imeshasimama juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyozoea kuitia alama. Sidonie akasema ndiyo, usafiri hakuna. Akatia sahihi, akashuka ngazi. Mlangoni Ngoga alikuwa amefika mapema, injini inaunguruma, viti vyote vitupu.